Viwiko Vinaendeleaje, Baba Nekesa?

Baba Nekesa,

Wewe ni mtu wa aina gani, unakufa na husemi umeacha jina lako kwa orodha? Mtu anayejua kifua kinamsumbua anapanga mambo yake. Wewe ulipanga suti. Ulipanga nyimbo za mazishi. Ulinitajia hata nani asipewe kipaza sauti, na alipewa, akaongea mpaka chakula kikapoa, ndio ujue. Lakini hii ya orodha ulinyamaza. Ikaja kunipata mimi, mwanamke wa darasa la tatu, nikiwa jikoni na mwiko mkononi.

Wacha nikueleze polepole. Ukiwa hai ulikuwa unanikatiza. Leo utasikiza mpaka mwisho.

Ile simu yako niliiweka kwa droo ya kabati la vikombe, nikaifunga na leso yako ya mistari. Kila Jumapili nikitoka kanisani naiweka chaji. Usiniulize kwa nini. Hakuna mtu anaipiga, na mimi sina mtu wa kumpigia nayo, lakini sikutaka izime. Basi. Sasa mwaka huu, mwezi wa tatu, saa saba mchana, nasonga ugali, droo ikalia. Ting!

Moyo wangu, Baba Nekesa. Mwiko niliuacha umesimama peke yake kwa sufuria. Nikafungua droo, nikafungua leso, nikavaa miwani yako kwa sababu yangu haikuonekana, nikasoma neno moja moja:

"Mpendwa Jina, tumekukumbuka sana! Umepotea wapi? Rudi nyumbani leo, tumekuwekea ofa moto moto!"

Na pembeni wamechora moto mdogo, na sweta inacheza densi.

Nikaketi kwa sakafu. Umepotea wapi! Mimi najua umepotea wapi, nilikuwa hapo, nilitupa mchanga kwa mkono huu. Nikalia kidogo. Halafu macho yakafika chini kabisa ya hiyo barua, nikaona jina la duka letu la sweta. La kwetu, hapa Bondeni! Machozi yakakauka yenyewe. Kumbe ni mjukuu wako Nafula, yule ulimpa kazi ya kompyuta alipotoka chuo, ndiye amekuita urudi nyumbani kwa ofa.

Niliita huyo mtoto mpaka jirani akatoka nje. Akakuja mbio, uzi umemshika kwa nywele.

Nikamuuliza, "Huyu Jina ni nani? Ni mtoto wa nani?"

"Shosho, hapo palikuwa pawe jina la mtu. Mashine ilikosea tu kidogo."

Ananiita shosho, yaani nyanya, kama watoto wote wa hii Nakuru. Nimemwambia aseme kukhu, nyanya kwa lugha ya kwetu, kama mtu mwenye kwao, amekataa. Hiyo tutaimaliza siku nyingine.

Akanieleza. Ati kuna programu. Unaandika barua moja, unabonyeza mara moja, inaenda kwa watu wote, walimu wakuu wote uliowahi kuwafumia sweta. Na yule ambaye hajafungua barua zetu kwa miezi mingi, mashine yenyewe inamchagua na kumwandikia kwamba tumemkumbuka, arudi. "Inajituma, Shosho. Hata mimi sikujua imetuma." Nikamwambia mtu akiachia mashine imwitie watu, asishangae ikimwitia marehemu. Nikamuuliza, na wewe Baba Nekesa ulifanya nini kwa orodha ya wateja, ukiwa ndiye mwenye duka? Akasema, kwa sauti ndogo, "Babu alitaka awekwe namba moja. Barua zangu namruka, lakini hii mashine haikumruka."

Hapo nikakumbuka. Ulikaa kwa ile stuli ya plastiki, simu umeishika mbali na uso kama sahani ya moto, ukamwambia Nafula: barua yoyote ifike kwangu kwanza, nijifanye mwalimu mkuu wa kwanza kuisoma. Ulikuwa unaisoma ukisogeza midomo. Kisha unampigia simu, na yeye ameketi hapo nyuma ya mashine ya kufuma, mnatazamana! "Hili neno hawalielewi. Toa. Hapa umejisifu. Toa." Mimi nilikuwa nacheka, nikisema mzee amepata mchezo. Nisamehe kwa hiyo. Haikuwa mchezo. Siku uliyoondoka, namba moja ikabaki bila mtu wa kusoma, na barua zikaendelea kutoka.

Ningewachana na hayo maneno, nitoe hasira yangu na iishe. Lakini kesho yake simu ikaja kutoka shule ya Kuresoi.

Rafiki yako Mwalimu Rono alikufuata, sijui kama mmeonana huko. Yule mwalimu mkuu wa Kuresoi aliyetupa kazi ya shule nzima tukiwa na mashine moja, ukashinda ukifuma mpaka vidole vikavimba. Alikufa miezi mitano baada yako. Simu yake sasa anaitumia mke wake, Mama Chebet, ambaye bado anafundisha palepale shuleni. Akanipigia. Hakunisalimia vizuri hata. Akasema, "Mama Nekesa, mume wangu ameandikiwa arudi nyumbani. Niambie anafika saa ngapi niweke chai."

Nilivuta stuli nikakaa.

Nikasema, "Mama Chebet, huo ni ujinga wa nyumba yangu. Nisamehe." Akasema hana hasira, ila moyo umeshtuka. Tena akaniambia jambo lingine, na hilo ndilo lilininyima hamu ya chakula. Mwalimu mkuu mpya alikuwa ametembelewa na watu wengine wa sweta kutoka mjini, wakamwachia sampuli. Akamuuliza Mama Chebet, hawa wa Bondeni ni watu wa namna gani? "Na siku hiyo, mama, sikuwa na neno zuri la kusema."

Sasa sikiza hali. Mashine mbili nilikuwa nimezifunika shuka. Ya tatu ilikuwa inafuma kwa sababu ya Kuresoi peke yake. Hiyo shule ikienda, ni shuka ya tatu, na duka ulilolianza na mikono yako linakuwa ghala la shuka. Ndio maana nilimkalia huyo mtoto wa watu. Sikumgombeza kwa sababu ya uchungu wangu tu.

Nikamwambia nionyeshe hiyo kompyuta. Akaniwekea. Baba Nekesa, wajua hiyo kitu inaonyesha mtu akifungua barua? Inaonyesha! Fulani amefungua, fulani hajafungua. Ulijua na hukuniambia. Safu ndefu ya majina, na wengi mno hawajafungua chochote tangu uzikwe.

"Kwa hivyo unaona hawafungui?"

"Naona, Shosho."

"Na bado unatuma?"

"Nilifikiri nikituma nyingi zaidi watafungua."

Wewe ulikuwa unaandika mara moja kwa muhula. Yeye alikuwa amefika mara tatu kwa wiki! Mtu akibisha mlango wangu mara tatu kwa wiki akisema ofa, mimi namwagia maji. Na kuna mahali pa kubonyeza kama mtu hataki tena, amekaweka huko chini, kadogo kama kinyesi cha panya, rangi ya kijivu ili kasionekane. Nikamuuliza, "Unawafungia watu ndani?" Akasema kila mtu anafanya hivyo. Hilo jibu la kila mtu unajua nalijibu namna gani.

Alilia. Wacha alie. Lakini nikuambie ukweli, alipomaliza hakununa. Akapangusa uso akasema, "Haya Shosho, nifundishe basi." Hapo nikaona ni damu yako.

Nikatoa daftari lako.

Lile la jalada la bluu, limeshikwa na gundi ya karatasi mgongoni. Nilidhani ni la hesabu, ndio maana sikuwahi kulifungua. Kumbe hukuandika hesabu hata moja. Kila shule ukurasa wake, kwa ule mwandiko wako wa kuku. Molo, umeandika: "Hapa mwalimu hapendi kuitwa bosi." Kuresoi, umeandika: "Baridi inaanza kuuma mwezi wa tano. Andika mapema, kabla hawajafunga muhula. Rono anapenda kuulizwa habari za viazi vyake." Na ile shule ya Kamere, kule kando ya ziwa Naivasha: "Asubuhi upepo wa ziwa, wazazi wanaenda kwa mashamba ya maua kabla ya jua, watoto wanatoka mapema. Saa nne ni joto. Sweta nzito wanazifunga kiunoni, zinararuka. Wauzie za bila mikono."

Nilisoma hiyo nikamgeukia Nafula. "Kamere umewaandikia nini?"

"Sweta nzito. Za baridi kali."

"Na Kuresoi?"

"Hiyohiyo."

Madam Atieno wa Kamere alikuwa amemjibu, jibu moja tu tangu mwaka uanze, na Nafula alikuwa amelificha: "Mimi si Jina. Na huku hakuna theluji."

Nilicheka, Baba Nekesa. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, na Nafula akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza hiyo nyumba kucheka namna hiyo tangu uende.

Basi Jumapili baada ya kanisa tukakaa mezani, yeye na kompyuta, mimi na daftari na birika la chai. Nikamwambia kazi ya kwanza ni kutoa watu. Akashtuka kama nimesema tuchome duka. "Orodha itakuwa ndogo, Shosho! Hii orodha ndiyo mali yetu!" Nikamwambia jina la mtu asiyekuwepo si mali. Tukapita jina kwa jina. Huyu alistaafu. Huyu alihamishwa, aliyeko sasa anaitwa nani? Piga simu kesho uulize. Huyu hajafungua chochote, mwandikie mara moja kwa adabu, umuulize kama bado anataka barua zetu, akinyamaza mtoe, usimfuate. Marehemu watolewe wote, leo, kabla ya chai ya pili. Alipofika kwa Mwalimu Rono nikamwambia ngoja kidogo. Kisha akabonyeza.

Na hapo juu kabisa, namba moja, kidole chake kikasimama. Akaniangalia. "Shosho, umesema marehemu wote."

Nikamwambia chai imechemka, wakati birika lilikuwa mezani mbele yake. Nikaenda jikoni.

Akaruka jina lako, akaendelea. Sikumuuliza.

Tukagawa waliobaki. Wa baridi huku: Kuresoi, Molo, na shule za juu. Wa jua kule: Kamere na wenzao. Barua ya huku isiende kule. Jina la kila mtu akaandika mwenyewe, akilisoma kwa sauti, na mimi nikilifuata kwa daftari na kidole. Nikamkataza Jumatatu ya kufungua shule, maana nilikumbuka ulivyosema siku hiyo mwalimu mkuu ana foleni ya wazazi mpaka nje. Nikamwambia saa nne, wakati wa chai ya walimu, siku ya katikati ya wiki, muhula ukikaribia kuisha. Akaandika yote kama mwanafunzi mzuri. Ule moto uliochorwa nikautoa. Ile sweta inayocheza nikaitoa. Ofa nikaitoa. Akauliza, "Sasa barua itabaki na nini?"

Ni swali, nakubali. Ikabaki nini?

Nikatafuta nyuma ya daftari, mahali ulikuwa unajaribu barua zako kabla ya kuzinakili vizuri. Zote, Baba Nekesa, zote zinaanza na neno moja. Hata zile za wakati wa stempu. "Mwalimu, viwiko vya watoto vinaendeleaje?"

Nilikuwa nimesahau. Au sikuwahi kusikiza. Ulinieleza zamani, tukiwa bado tunapanga chumba kimoja, kwamba ulisoma hapa Bondeni na sweta moja, baba yako akiwa mfanyakazi wa reli, na viwiko vilikuwa vimetoboka vyote viwili. Ukiitwa kwa ubao ulikuwa unaandika umebana mkono kwa mbavu, watoto wasione. Ndio maana ukafuma viwiko kwa uzi mara mbili, na watu wa mjini wakakucheka ati unapoteza uzi. Sweta inaanza kufa kwa kiwiko, ulikuwa unasema. Ukitaka kujua shule inahitaji nini, usiulize mwalimu anataka kununua, uliza viwiko.

Nafula hakuamini. Akasema hakuna mtu anaweka viwiko kwa kichwa cha barua. Kichwa ni yale maneno yanayotokea kwa simu kabla mtu hajafungua, ndiyo yanamfanya afungue au apite. Akasema kwa heshima, "Shosho, tujaribu. Nusu watapata kichwa changu, nusu watapata cha Babu. Barua ndani ni moja. Tuone." Nikamwambia hapo umesema neno la mtu mzima. Chake kilikuwa: "Sweta Bora kwa Shule Yako." Chako kilikuwa: "Mwalimu, viwiko vinaendeleaje?"

Ikatumwa Jumatano saa nne. Nilijifanya nasokota uzi, lakini masikio yalikuwa kwa kompyuta.

Wa kichwa chake wachache walifungua, nisimkosee, walifungua. Lakini wa kichwa chako! Saa nne na robo walianza, na hawakufungua tu, walijibu. Walimu wakuu, watu wazima, wakaandika habari za viwiko. Mmoja wa Molo: "Vimeisha kabisa, na tunaaibika siku ya mashindano ya nyimbo." Mwingine: "Viwiko vyetu vizuri, ni shingo zimelegea, mna dawa?" Madam Atieno akaandika, "Sasa huyu ni mtu. Nitumie sampuli za bila mikono." Nafula alikuwa anapiga makofi kama mtoto, "Shosho, wanajibu! Wanajibu!" Nikamwambia wakijibu unawajibu, mmoja mmoja, usimpe mashine. Ameshinda wiki mbili akijibu. Kidole kimoja kama wewe, hapana, huyo ana vidole kumi na anavitumia vyote.

Kuresoi haikujibu siku hiyo. Wala Alhamisi. Ijumaa nilienda kwa ile mashine ya tatu nikaipapasa tu.

Jumatatu Mama Chebet akapiga. Akasema mwalimu mkuu mpya alisoma barua kwa sauti kwa ofisi ya walimu, kisha akatoka nje wakati wa gwaride akawaambia watoto wote wainue mikono. Akapita akiangalia viwiko. Kila darasa. Kisha akaleta ile sampuli ya watu wa mjini, akaivuta kwa kiwiko na vidole viwili, ikaonyesha mwanga. Akachukua sweta kuukuu ya mtoto mmoja, ya kwako, uliyoifuma ukiwa hai, akaivuta. Haikuonyesha kitu.

"Mama Nekesa," akasema, "leteni zenu. Na hiyo barua imeandikwa na nani? Nilidhani yeye amekufa."

Nikamwambia, "Amekufa, Mama Chebet. Lakini ameandika."

Akacheka. Akaniuliza viazi vyangu vinaendeleaje, kana kwamba mimi nina shamba hapa Bondeni. Tukaongea mpaka muda wa simu ukamalizika. Wiki ijayo napanda huko na mzigo mwenyewe, na chai nitainywa kwake.

Shuka zote mbili nimezifua nikazianika. Mashine zinafuma. Nimeajiri kina mama wawili wa hapa nyuma, na mmoja anafuma viwiko vibaya, namrekebisha, ananuna, anarudia. Nyumba ina kelele. Nimenenepa kidogo. Nafula amejenga tabia ya kunisomea kila barua kabla haijatoka, na nikiuliza "maana yake nini?" mara mbili, anaifuta bila kubishana. Anasema mimi ndiye kipimo kizuri, kwa sababu sikusoma. Ningemchapa, lakini ni kweli. Mwalimu mkuu mwenye foleni mlangoni hana akili zaidi yangu hiyo dakika.

Sasa nimefika kwa neno lenyewe.

Jana barua ya muhula mpya ilitoka, Nafula hakukuruka, na simu yako ikalia tena kwa droo. Ting. Safari hii sikushtuka. Nikafungua leso, nikasoma: "Baba Nekesa, viwiko vinaendeleaje?" Jina lako lote, sawasawa, hakuna Jina. Nikakaa nayo. Nikaona nimewatoa waume za watu wote, nimemtoa Rono mbele ya macho yangu, na wako mimi nimemficha kwa droo nikimlisha chaji. Sheria ni yangu mwenyewe. Na nikajua pia kwamba namba moja si mahali pa kukumbukiwa. Ni mahali pa kazi. Wewe mwenyewe ulipakaa kwa kazi. Pamekaa bila mtu mwaka mzima na umeona kilichotokea.

Kwa hivyo nimekaa hapa, saa tano asubuhi, nakuandikia kwa ukurasa wa mwisho wa daftari lako, ili ukitolewa utolewe na barua ya mkono, si kwa kubonyeza tu. Hii ndiyo ya kukuaga. Ile ya makaburini haikuwa yangu, ilikuwa ya watu na kipaza sauti.

Nenda vizuri, baba watoto. Usijibu imeli yoyote. Ukimwona Rono mwambie mke wake amenisamehe. Mimi nakuahidi hakuna barua itatoka kwa hii nyumba kabla sijaielewa, na hakuna kiwiko kitafumwa uzi mmoja nikiwa na macho. Miwani yako ni yangu sasa. Simu pia nimeitoa kwa droo, iko hapa mezani karibu na birika, inanitazama.

Nafula! Wacha hiyo chapati, nawa mikono, kuja hapa. Mtoe babu yako namba moja, na mimi niweke hapo, sasa hivi. Andika jina langu lote, herufi kwa herufi, na nikisikia umeniita Jina utalala nje.